Ubao wa Bei wa Fundi Calist

Fundi Calist Mapunda anastaafu leo, Ijumaa tarehe 27 Juni 2025, akiwa ametimiza miaka thelathini na miwili ya kazi katika Karakana ya Baiskeli ya Ushirika, hapa Kwa Mathias, Kibaha. Aliajiriwa Aprili 1993 akiwa na spana mbili zake mwenyewe, na leo anaondoka nazo zote mbili. Sisi wengine tumepoteza spana ngapi za ofisi, stoo inajua. Mtunza stoo ni mimi, Marselina, na nimefanya kazi dirisha kwa dirisha na Fundi Calist kwa miaka kumi na tisa.

Meneja wetu, Bw. Deogratias, aliniagiza niandike wasifu huu kwa lugha ya furaha, usizidi kurasa mbili, ugawiwe pamoja na chakula baada ya zawadi kukabidhiwa. Kurasa ni mbili. Furaha nimeiweka kila mahali ilipokubali kukaa. Kwingine nimeshindwa, na sababu mtaiona.

Alianzia tawi letu dogo la Kisarawe, akahamishiwa hapa mwaka 2001, lakini Kisarawe hakuiacha. Kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi alipakia sanduku lake kwenye pikapu ya ushirika akaenda vijijini, mwezi huu Kibuta, mwezi ujao Kurui. Ni huko Kurui alikokutana na baiskeli ya Mwalimu Wilfred, ambaye kwa nia njema kabisa alikuwa ameipaka cheni mafuta ya alizeti. Sisimizi walikuwa wamepanga foleni kutoka kwenye giya hadi kwenye kiti. Fundi Calist alimwambia mwalimu kwa adabu zote kwamba hapo vilipungua vitunguu tu. Kisha akaiosha cheni kwa mafuta ya taa, akadondosha oili tone moja moja, na iliyozidi akaifuta. Alikuwa akituambia kila siku kwamba kwenye barabara zetu za mchanga, oili nyingi ni adui wa cheni.

Ubao wake mnaujua. Aliuandika mwaka 2004, siku ambayo mteja mmoja aliuliza bei ya sevisi akapewa bei tatu na mafundi watatu ndani ya saa moja. Fundi Calist hakugombana na mtu. Alichukua kifuniko cha kasha la vipuri, akakipaka rangi nyeupe, akaandika mistari mitano kwa mkono wake, akakitundika juu ya dirisha la stoo, ambalo sasa ni langu. Bei zimefutwa na kuandikwa upya mara nyingi tangu hapo. Maneno hayajabadilika:

Sevisi ndogo elfu tano: kukaza nati, breki, cheni, upepo. Unasubiri hapo hapo.
Sevisi kubwa elfu kumi na tano: kufungua ekseli zote, gololi, grisi mpya, kunyoosha rimu. Unaacha asubuhi, unachukua jioni.
Kifaa kipya kinalipiwa mbali, na unaambiwa kabla hakijafungwa.
Kilichotolewa unapewa mkononi.
Endesha kwanza, lipa baadaye.

Huo mstari wa tano ulituletea vituko. Kila mteja alitakiwa kuizungusha baiskeli hadi duka la mabati na kurudi kabla ya kutoa hela. Katekista mmoja alizunguka mara tatu na kanzu yake nyeupe, akarudi akidai anasikia mlio. Fundi Calist akafungua ekseli ya nyuma upya, akaikagua, akaifunga. Mlio ukabaki pale pale, maana ulikuwa wa funguo zilizokuwa mfukoni mwa katekista. Hakucheka mpaka mteja alipofika barabarani.

Sasa nifike kwenye lile ambalo nimeambiwa si la sherehe.

Septemba mwaka jana Fundi Calist alikwenda likizo kwao Songea kwa wiki tatu. Siku ya pili tu ubao ukashushwa, tukaambiwa unapelekwa kupakwa rangi. Mahali pake ikabandikwa karatasi iliyoandikwa "Bei Maelewano". Maelewano gani, na nani? Mtu aliyetoka shambani asubuhi, ambaye hajawahi kuona ndani ya ekseli maisha yake yote, ataelewana vipi na mtu mwenye spana mkononi? Ikazaliwa "sevisi kamili", shilingi elfu arobaini. Nilimwuliza Meneja ukamilifu wake ni upi, akanijibu kuwa wateja wanapenda baiskeli ing'ae.

Alhamisi ya kwanza ya mwezi uliofuata, kwa kuwa fundi wa kwenda vijijini hakuwepo, pikapu ilikusanya baiskeli na kuzileta hapa. Mojawapo ilikuwa ya Honorata, mhudumu wa afya wa kijiji huko Kibuta. Baiskeli hiyo ndiyo miguu yake: anaitumia kuwafikia wajawazito na watoto wachanga ambao hawawezi kufika zahanati. Alikuja mwenyewe kuichukua. Aliikuta inang'aa kama sahani ya wageni. Akalipa elfu arobaini kwanza, hakuzungushwa hadi duka la mabati, hakupewa kitu chochote mkononi, akaondoka akitushukuru.

Siku nane baadaye, kwenye mteremko wa Kibuta, alishika breki na baiskeli haikusimama. Alivunjika mkono. Kwa wiki saba kina mama wa upande wake hawakutembelewa na mtu.

Fundi Calist aliporudi kazini aliletewa baiskeli ile. Aliifungua mbele yangu. Ndani ya ekseli grisi ilikuwa ile ile ya zamani, nyeusi na imejaa mchanga. Lakini kilichomfanya aketi chini ni raba za breki. Zilikuwa zile zile za zamani, zimekwisha, na zimepakwa dawa ya viatu ili zionekane mpya. Na dawa ya viatu, kwa asiyejua, inateleza.

Hakupiga kelele. Aliziweka mfukoni, akasubiri kikao cha Jumatatu, akazitoa mezani kati ya chupa za maji.

"Hizi zilikuwa chini ya mama wa watu kwenye mteremko," alisema. "Nani alizipaka dawa ya viatu?"

Aliyenyoosha mkono ni Abeid, fundi mwenzetu, na ameniruhusu nimtaje. Alisema alikuwa amepangiwa baiskeli tisa kwa siku, aliomba raba mpya stoo, na stoo wakamnyima. Stoo ni mimi. Raba zilikuwepo kwenye shelfu, jozi ishirini na nne, lakini nilikuwa nimeagizwa nisitoe kifaa bila kibali cha Meneja, na Meneja siku ile alikuwa Dar. Nilitii. Siwezi kuandika hapa kwa hasira juu ya wengine nikalificha langu, kwa hiyo nimeliandika.

Mnajua nani alipewa barua ya onyo baada ya kikao kile? Si Abeid. Si mimi. Si aliyeshusha ubao. Alipewa Fundi Calist, kwa "kuharibu sura ya karakana mbele ya wafanyakazi". Miaka thelathini na moja bila barua hata moja, halafu ya kwanza anapewa kwa kuuliza swali la haki! Nimeiona barua hiyo kwenye faili lake wakati natafuta tarehe ya kuajiriwa kwake, na imenikasirisha upya kana kwamba ni ya jana. Kama wasifu huu utaniletea ya kwangu, nitaiweka kwenye fremu.

Fundi Calist alinunua raba kwa hela yake, akaifanyia baiskeli ile sevisi kubwa baada ya saa za kazi, akaipeleka Kibuta mwenyewe. Honorata alikuwa bado amefungwa hogo mkononi, hawezi kuendesha. Basi Fundi Calist, mtu mzima wa miaka hamsini na tisa, akaupanda mteremko ule akiikokota baiskeli, akashuka nayo mbele ya macho yake, akafunga breki chini kabisa. Akarudia mara tatu. Honorata alipopokea baiskeli yake alisema maneno ambayo Fundi Calist alinirudishia kama yalivyo: "Fundi, mimi sikujua cha kuuliza. Ubao haukuwepo."

Siku hiyo hiyo alikwenda nyuma ya ofisi, akaukuta ubao umeegemezwa ukutani wala haujaguswa na rangi, akautundika. Haukushuka tena. Karatasi ya Bei Maelewano niliitumia kufungia gololi.

Mwezi uliopita Kamati ya Kumuaga Fundi ilikaa kuchagua zawadi. Wapo waliotaja godoro, wapo waliotaja bati. Meneja akapendekeza kitu cha kumbukumbu, tena cha heshima kubwa: Fundi Calist akabidhiwe ubao wake, aende nao nyumbani. Kamati ikapiga makofi. Mimi nilijua nilipoagizwa nitoe utepe mwekundu stoo. Zawadi nzuri iliyoje! Unamvisha mtu utepe, unampigia makofi, na wakati wote anashangiliwa, ukuta unabaki mtupu na Jumatatu bei inakuwa maelewano.

Nilimwendea Fundi Calist, nikamweleza, ingawa zawadi ni siri. Nilitegemea atakasirika. Aliuliza tu, "Ukutani patabaki nini?" Akaendelea kunyoosha rimu.

Jibu lilitoka kwa Abeid. Jumapili iliyopita, mimi nikitoka misa, nilimkuta ananisubiri mlangoni mwa karakana na kopo la rangi ya mafuta na brashi mbili. Tuliushusha ubao. Abeid ndiye mwenye mwandiko mzuri, akaandika ukutani, nami nikamsomea mstari kwa mstari. Alipofika "Kilichotolewa unapewa mkononi" alijifuta uso kwa mkono wa shati, akaendelea. Rangi ilipokauka tuliutundika ubao palepale, tukaenda makwetu.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa ukiwa na sahani ya pilau, umekwisha kuona Meneja akiushusha ubao kwa mikono yake mwenyewe, na umeona kilichokuwa nyuma yake. Rangi hiyo haikutundikwa kwenye msumari, haishushwi. Atakayetaka kuitoa itabidi aikwangue mchana, mbele ya wateja, mbele ya Honorata ambaye tumemwalika na amekuja kwa baiskeli yake.

Fundi Calist, ahsante kwa miaka thelathini na miwili, na ahsante kwa swali lako. Tunakutakia uzee wenye afya, nyumba yenye amani na marafiki wa kukutembelea. Chukua ubao wako, ni wako kwa haki. Ukutani imebaki mistari yako yote mitano.