Utepe Mwekundu Kwenye Mashine ya Damu

Mgeni rasmi, tunakiri mapema: siku mashine hii ilipoingia hapa kliniki, wajinga tulikuwa sisi. Tulipiga vigelegele, tukakunja mikono ya mashati, tayari kutolewa damu. Hatukujua kwamba mashine mpya ni kama bibi harusi, haiguswi mpaka mwenyewe afike. Sasa umefika. Karibu sana.

Sisi ni nani

Sisi ni wagonjwa wa mayeloma, saratani ya uboho, ule ute wa ndani ya mifupa. Dawa huituliza, lakini saratani hii ina tabia za mpangaji mkorofi: ukimtoa mlangoni, anarudi kupitia dirishani. Heri yetu ni kwamba mara nyingi hubisha hodi kwanza kwenye damu. Protini fulani huanza kupanda polepole, pengine miezi kadhaa kabla mfupa haujauma. Kazi ya mashine hii ni kuisikia hodi hiyo.

Mafanikio

Tangu ifungwe utepe, mashine haijaharibika hata mara moja. Haijawashwa pia, lakini tusiharibu sherehe. Ziara yako iliahirishwa kwa sababu ya safari, kisha semina, kisha mafua. Tulikuombea upone mafua kwa bidii ambayo hatujawahi kujiombea wenyewe. Utepe wa kwanza ulichujuka kwa kukungoja. Mwenzetu Mama Cherehani akashona huu unaouona, bure.

Changamoto

Damu zetu hupelekwa mbali kupimwa. Majibu ya mwenzetu, fundi saa, yalirudi tukiwa tumeshamzika. Yaliandikwa, "Afike kliniki mapema." Hajafika hadi leo; tunamwombea radhi. Sisi tuliobaki kipimo chetu ni mfupa: ukivunjika, jibu limetoka.

Na sasa Mama Cherehani mgongo umeanza kumuuma. Daktari alimuuliza, "Si kuinama kwenye cherehani huko, mama?"

"Baba, cherehani nimeiinamia tangu sijaolewa. Mgongo ule nimeuzoea. Huu ni mgeni, na hakubisha hodi."

Daktari alicheka, halafu akaacha kucheka. Leo asubuhi akamtoa damu. Kichupa kiko chumba cha pili, pembeni ya mashine, kinakusubiri wewe. Ikionekana ugonjwa umerudi, daktari ataanza kumbadilishia dawa leo hii. Tukichelewa, kitakachofuata kuvunjika ni uti wa mgongo, na cherehani haiendeshwi kwa kulala chali.

Ombi

Hatuombi jengo. Fulana zenye picha yako tunazo, tunazilalia. Tunaomba ukate utepe sasa hivi, kabla ya hotuba, kabla ya kwaya, kabla ya picha ya pamoja. Hotuba tutaisikiliza yote, hata ile sehemu ya takwimu.

Mungu akujalie mifupa imara, na majibu yako yasikukute umeshaondoka.

Ni sisi, Umoja wa Wagonjwa wa Mayeloma wa kliniki hii. Lakini neno la mwisho si letu. Asubuhi mshereheshaji alipotukuta tunaandika ombi hili, alifoka, "Jamani, ratiba ni ratiba! Hotuba kwanza, utepe baadaye!"

Mama Cherehani akamtazama kutoka kwenye benchi, mkono kiunoni.

"Sawa, mwanangu. Ila ugonjwa wangu hamkuupa nakala ya ratiba."