Mama Agnès Chilufya na Nyumba Iliyobaki Kasungeshi

Ndugu wote mliofika hapa makaburini, asanteni, hata ninyi mliokuja kusikiliza familia itasema nini. Tutasema tunayoyajua.

Mama Agnès Chilufya alizaliwa tarehe 9 Agosti 1957 katika kijiji cha Kasungeshi, eneo la Mitwaba, binti wa Émile na Adolphine.

Alisoma kwa masista wa misheni. Walisifu mikono yake, wakalalamikia kicheko chake. Siku moja aliicheka kofia ya askofu mgeni, akapigishwa magoti mpaka askofu mwenyewe akamwombea msamaha.

Mwaka 1976 alianza kazi ya ukunga. Wengi mnaosimama hapa mlipokelewa na mikono yake.

Tarehe 21 Julai 1979 alifunga ndoa na Lucien Chomba, mkulima wa mihogo, baba wa Dorine na wadogo zake, aliyefariki mwaka 2009.

Novemba 2012, wanamgambo walitoka porini wakamchukua kwa bunduki akamzalishe mwanamke. Walimrudisha. Jumapili iliyofuata waliichoma Kasungeshi yote, isipokuwa nyumba yake. Kapya, mdogo wa marehemu Lucien, alimpoteza mwanawe Jérémie. Asubuhi watu waliitazama ile nyumba, wakamtazama yeye.

Kapya akamwambia, “Sisi tunaenda. Weye ubakie, nyumba yako iko.”

Mama Agnès aliingia ndani, akamtoa mbuzi, akaliwasha paa lake mwenyewe, kisha akashika njia pamoja nao. Wengine walisema ni uchungu. Wengine walisema anaficha kitu.

Hapa Lubumbashi aliuza makala, makaa ya kupikia, kule Katuba. Watu wa kwetu waliposimama pamoja sokoni, akikaribia, mazungumzo yalikatika. Wanawao walipokaribia kuzaa, walitafuta mkunga mwingine.

Mwaka 2019 ugonjwa wa sukari ulimshika, ukaharibu mafigo. Mwezi uliopita Kapya aliingia chumbani kwake bila kubisha hodi.

“Mama Dorine, sema kweli. Ni weye uliomba baache nyumba yako?”

“Shemeji, sikuomba kitu. Nilizalisha muke ya mukubwa wao. Mutoto hatumuulizake baba yake ni nani.”

“Na kama ungejua batatuunguza?”

“Mutoto alikuwa ameisha kutoa mukono,” akasema.

Kapya hakusema kwamba ameamini. Alirudi kesho yake, akakaa, akaondoka. Akarudi tena.

Mama Agnès alifariki tarehe 3 Mei 2021, alfajiri, akiwa na binti yake.

Leo Kapya aliomba kubeba sanduku. Hatujui moyoni mwake mna nini, na hatukumuuliza. Tulimpa nafasi ya mbele.

Ameacha watoto Dorine, Julienne na Édouard, wajukuu Plamedi, Gradi na Abigaëlle, shemeji yake Kapya, nami mpwa wake, Perpétue, ninayesoma.

Mama, pumzika kwa amani. Nasi tuliobaki tukitazamana, Mungu atupatie amani yetu.