Siku Mzee Kadiri Alipoichafua Sakafu Yake

Jumamosi ya tarehe 29 Novemba 1958, Mzee Kadiri Abdu, mtunzaji wa Ukumbi wa Wenyeji hapa Gisenyi, anakabidhi funguo na kustaafu baada ya miaka ishirini na miwili ya kazi. Kamati imeniomba mimi, Xavérine Mukarugwiza, ninayefundisha akina mama kushona katika chumba cha nyuma, niandike habari zake kwa ajili ya sherehe hiyo. Nimekubali kwa moyo mweupe, ingawa najua kwamba siku hiyo mwenyewe atakuwa amesimama mlangoni, hasikilizi ninachosoma, anatazama miguu ya wanaoingia.

Mzee Kadiri ni mzaliwa wa hapa hapa, mtaa wa Waswahili. Baba yake alitoka Ujiji na mizigo ya nguo na chumvi, akakusudia kukaa mwezi mmoja, akaoa, basi ikawa ndiyo safari yake ya mwisho. Kadiri hakurithi biashara. Ujanani alibeba simenti kwa mafundi waliokuwa wakijenga ukumbi huu, na kazi ilipokwisha mafundi wakaenda zao, yeye akabaki. Ukimuuliza kwa nini, atakujibu kwamba mtu hawezi kumwaga sakafu kwa mikono yake halafu awaachie watu waikanyage ovyo.

Hapo ndipo ilipoanza ndoa yake ya pili, kama anavyosema mkewe, Mama Saidati, ambaye amevumilia mengi. Kila Ijumaa, akitoka msikitini, Mzee Kadiri alipaka nta nyekundu sakafu nzima, akajifunga brosi ya kusugulia mguuni kwa mpira wa baiskeli, akateleza kutoka ukuta huu hadi ule huku akiimba kasida polepole. Sisi wa chumba cha nyuma tuliacha cherehani zetu tukamchungulia. Aliyeingia bila kufuta miguu alisikia, awe karani au mchuuzi wa ndizi: "We! Ile ni sakafu, si shamba!" Padri mmoja wa misheni ya Nyundo aliteleza siku moja mpaka Kadiri akamdaka kwa kanzu, na tangu hapo kila akija husimama kizingitini akauliza kwa upole kama leo kumepakwa.

Haikuwa sakafu peke yake. Ukumbi wetu haukuwahi kuwa na viti vya kutosha, kwa hiyo kila tulipopata mgeni wa kuzungumza, Mzee Kadiri alizunguka nyumba za mtaa akiazima, nyumba za Waislamu kwa za Wakristo, na kesho yake kila kiti kilirudi kwa mwenyewe. Mara moja tu alikosea. Alimpelekea Mukamusoni, muuza samaki, kiti cha jirani, na mama huyo akakirudisha jioni ile ile juu ya kichwa, akisema kile chake kinalia akikikalia na hiki kiko kimya mno. Wakati wa Noeli alitundika maua na taa. Wakati wa Idi tulimtundikia sisi. Hatukuwahi kugombana juu ya jambo hilo, na sifa kubwa ni yake.

Nisije nikaonekana namsifu kama maiti, niseme na kasoro yake. Mzee Kadiri hajui kusema watu walikuwa wachache. Wakija kumi na watano, atakuambia ukumbi ulifurika. Wakija watano na mbuzi akipita nje, ulifurika vilevile. Ni mapenzi tu, lakini mapenzi hayo nusura yatugharimu nyumba hii.

Ilikuwa mwaka 1955, wakati wa masika. Mnunuzi mmoja wa kahawa alikuwa ameuomba ukumbi awe anaweka magunia yake, maana paa letu halivuji na mlango ni mpana. Bwana Hitimana, mwenyekiti wa kamati, hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa amechoka kusikia kila mwezi kwamba ukumbi umefurika, naye kila akipita anakuta Kadiri na brosi yake. Akasema wazi mbele yetu sote: ukumbi usio na watu ni ghala tayari. Mgeni mmoja wa kuzungumza alikuwa ameshaalikwa, basi huyo awe ndio mtihani. Watu wakijaa, ukumbi utabaki. Wasipojaa, magunia yataingia. Yeye mwenyewe siku hiyo angekuwa Ruhengeri kwenye harusi, angerudi kesho yake asubuhi pamoja na huyo mnunuzi, na akaongeza kwamba safari hii hataki kuambiwa na Kadiri.

Mgeni alikuwa Muganga Kayitare, kijana aliyesomea uganga wa hospitali huko Astrida, ambaye angezungumza juu ya kuhara kwa watoto. Mwaka ule ugonjwa ulikuwa umeingia nyumba nyingi za ufukweni, na hakukuwa na mama asiyetaka kumsikia. Kazi yetu ilikuwa kutayarisha mahali. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na Mzee Kadiri aliamua kwamba mwenyeji atakayepona ni sakafu.

Alipaka nta mara tatu. Aliazima viti mpaka Rugerero. Mama Saidati alitoa kitambaa chake cha shanga kifunike glasi ya maji ya mgeni, na mlangoni likawekwa beseni la kunawia miguu na taulo jeupe, jipya, lililodariziwa maua pembeni. Kadiri mwenyewe alizunguka sokoni na ufukweni akiwaalika watu, na kila alipomaliza kualika alimalizia kwa kuwakumbusha juu ya miguu. Nilipoingia asubuhi ya siku yenyewe niliona sura yangu chini. Nilimwambia ni pazuri kama kanisa, naye akafurahi, hatukujua kwamba hapo ndipo tulipoharibu.

Mvua ilianza saa sita. Anayejua udongo wetu mweusi wa volkano anajua unavyoshika mguu. Watu walikuja, tena walikuja wengi: wavuvi na wake zao, wakulima wa Kanama, akina mama wenye watoto mgongoni, wote wameloa na matope mpaka kwenye vifundo. Wa kwanza kufika mlangoni alikuwa Mukamusoni, mwanamke asiyemwogopa hata askari wa soko. Akatazama sakafu. Akatazama taulo jeupe. Akatazama miguu yake, akarudi nyuma taratibu akasimama chini ya upenu. Waliomfuata, kuona Mukamusoni amerudi, wakaelewa kwamba hapa si pao. Mvuvi mmoja akawaelezea wenzake, "Hii iko ya watu ya viatu. Bon, sisi tutasikilizia hapa inje."

Kadiri akawakaribisha. Wakashukuru, hawakusogea. Akawaonyesha beseni, hakuna aliyetaka kuwa yule atakayelitia taulo lile matope mbele ya macho ya watu. Ndivyo tulivyolelewa hapa: nyumba iliyotandikiwa mgeni huiingii na uchafu wako, hata ukibembelezwa, una isoni, unaona haya. Na ni nani aliyewafundisha zaidi ya wazazi wao? Ni Kadiri mwenyewe, miaka yote ile, kwa kelele zake za mlangoni.

Muganga Kayitare alifika amechelewa kwa ubovu wa barabara. Akafuta viatu, akaingia, akatundika picha zake kubwa za karatasi, akageuka. Mbele yake palikuwa na viti vitupu na makarani wanne. Nje, kuta zote zimeegemewa na watu. Alijitolea kuzungumzia nje, lakini upepo wa ziwani ulikuwa ukirusha mvua mpaka barazani na picha zile zingeyeyuka kabla ya neno la kwanza. Tena ilimbidi aanze kurudi kabla giza halijaingia. Makarani wakaanza kutazamana. Nilijua wanachofikiri, maana na mimi nilikuwa nakifikiri: kesho Bwana Hitimana atasikia kwamba waliingia watu wanne.

Nilikuwa nimesimama kando ya Mzee Kadiri. Alivaa kanzu nyeupe na kofia ya sikukuu. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Xavérine, mi nimewafukuza mwenyewe." Sijawahi kumwonea mtu huruma kama nilivyomwonea yeye saa ile.

Halafu akavua makubazi. Akashuka barazani kwenye mvua, akainua kanzu, akaingia katika mtaro wa barabara palipo na tope zito kuliko pote, akakanyaga humo kama mtu anayeponda udongo wa matofali. Akarudi. Beseni hakulitupia hata jicho. Akaingia ukumbini, akatembea katikati, polepole, hatua baada ya hatua, mpaka kwenye meza ya mgeni, akampa mkono, kisha akarudi kwa upande wa madirisha ili pasibaki palipo safi. Nta ile ya mara tatu ilikuwa inapasuka chini ya miguu yake, na watu wa nje wakajaa madirishani kutazama.

Wa kwanza kusema alikuwa Mama Saidati, kutoka kwenye kundi la wanawake. Akamwambia mumewe kwamba hiyo kanzu atafua mwenyewe. Hapo watu wakacheka, na wakicheka watu hawaoni haya tena. Mukamusoni akatangulia, anaburuza tope lake bila wasiwasi, na nyuma yake wakamiminika wote. Viti havikutosha. Akina mama walikaa chini, juu ya sakafu yenyewe, wakawalaza watoto mapajani. Muganga Kayitare akazungumza juu ya kuchemsha maji na kunawa mikono, na maswali yakawa mengi kuliko mazungumzo. Mvuvi yule yule wa inje aliuliza kama maji ya ziwa yanayoonekana safi mpaka chini nayo yachemshwe. Yachemshwe, akajibiwa, na akatakiwa aahidi mbele ya mkewe.

Mgeni alipoondoka, sisi tukashika mafagio. Yalikuwa masikitiko kuitazama ile sakafu. Lakini Mzee Kadiri akasimama mlangoni akatuzuia, akasema tuache, hakuna wa kugusa kitu. Tulidhani ana homa. Mtu ambaye hajawahi kulala na doa moja ukumbini, akafunga mlango juu ya matope yale yote, akaenda nyumbani.

Asubuhi Bwana Hitimana akaja na mnunuzi wa kahawa, ambaye alikuwa ameshachomoa kamba yake ya kupimia. Kadiri hakusema kwamba ukumbi ulifurika. Alifungua mlango akakaa pembeni.

Tope lilikuwa limekauka, na nyayo zilikuwa kila mahali. Miguu mipana ya wavuvi, miguu ya akina mama, vidole vidogo vya watoto waliosimamishwa wachezecheze. Zilifika ukuta wa mwisho, zilifika chini ya madirisha, mbele kabisa palikuwa na alama za watu waliokaa wamebanana. Bwana Hitimana aliinua koti lake akaenda akizitazama mpaka mwisho wa chumba, akarudi akizitazama. Kisha akamwambia mwenziwe, kwa heshima, atafute paa jingine. Yule bwana, haki yake tumpe, alikunja kamba akacheka akasema hapa kahawa yake ingekosa pa kulala.

Ndipo Mzee Kadiri alipoomba ndoo. Alisugua siku kadhaa, hakukubali kusaidiwa, na mara mbili nilimkuta anafuta macho. Anasema ni nta. Sisi tunajua ni furaha, na uchungu kidogo, maana ile rangi ya zamani haijarudi sawasawa mpaka leo. Taulo jeupe Mama Saidati alilichukua akaenda nalo kwake. Mlangoni pakatandikwa gunia kuukuu ambalo halimtishi mtu.

Tangu hapo wageni wametujia wengi, wa kilimo, wa ushirika, wa uzazi, na kila mara yeye amewatayarishia mahali na kuazima viti. Kelele zake za mlangoni hazikuisha kabisa, tusidanganyane, ila zimekuwa za kutania. Binti zangu wa kushona wengine sasa wana cherehani zao sokoni. Wapo akina mama ufukweni wanaochemsha maji kila jioni kwa sababu siku moja waliingia humu na matope yao.

Mzee Kadiri, sisi wafanyakazi wenzako, kamati, na majirani waliokuazima viti, tunakushukuru kutoka moyoni. Tunakuombea afya, swala zako kwa wakati, na asubuhi za kulala mpaka jua litoke. Ukae kwa amani na wako, na siku zako ziwe nyingi. Ulikuwa na kitu kimoja ulichokipenda, ukakiharibu kwa mikono yako, au tuseme kwa miguu, ili sisi tuingie. Kama si wewe, Jumamosi hii tungekuwa tunakuaga nje kwenye mvua, na humu ndani yangekuwa yamelala magunia ya kahawa, makavu.