Ushuru wa Mlangoni: Mama Maswali Anastaafu

Watu wengi hukosea wanapomzungumzia mtoto wa kibarua anayetaka kuwa daktari. Hudhani kinachomkwamisha ni kichwa, na wenye huruma zaidi husema ni ada. Mwenzetu anayestaafu tarehe thelathini mwezi huu, baada ya kulitumikia Darasa la Maandalizi kwa miaka thelathini na mmoja, hakukataa kwamba ada ni mzigo. Ila yeye alikuwa na jibu lake: mtoto huyo hana wa kumuuliza. Mtoto wa daktari huuliza huku akisubiri chai, bila hata kujua kwamba anauliza. Mtoto wa kibarua akiuliza nyumbani, watu hutazamana, kisha mmoja humwambia akalale.

Kwa wageni wetu, tueleze kidogo. Darasa hili huwapokea vijana wa familia zisizo na uwezo waliofaulu vizuri sekondari, likawanoa kwa mwaka mmoja katika biolojia, kemia na hesabu, kisha likawaandaa kwa mahojiano ya kuingia chuo cha udaktari. Chumba chake ni kile cha mwisho kwenye korido ya maabara, chenye madirisha yasiyofunga vizuri na kiunzi cha mifupa ambacho mkono wake wa kushoto umeshikizwa kwa waya wa kuanikia nguo. Mwenzetu aliletwa hapo kufundisha kemia, akaambiwa ni kwa muhula mmoja tu. Muhula huo ndio unaokwisha mwezi huu.

Jina la Mama Maswali hakuzaliwa nalo. Mwanzoni alikuwa akimaliza somo anauliza kama wameelewa, na darasa zima linaitikia “Ndiyo!” kwa sauti ya kwaya. Mtihani ukija, kwaya yote inafeli. Akagundua kwamba vijana hawa wamelelewa wakiamini kuwa kumuuliza mkubwa ni utovu wa adabu, na kwamba anayeuliza amejitangaza kuwa mjinga. Basi akaanzisha ushuru. Somo likiisha alisimama mlangoni, na hakuna aliyetoka bila kumpa swali moja la somo la siku hiyo. Mcheshi mmoja aliuliza chakula cha mchana ni nini. Akajibiwa kwamba swali lake ni zuri sana, ila ni la mpishi, akarudishwa kwenye dawati. Wengine walianza kuuziana maswali kwenye foleni kwa biskuti. Mama Maswali alilijua soko hilo na hakulifunga. Alisema hajawahi kuona biskuti zikifanya kazi nzuri kiasi hicho.

Wapo waliokuwa wagumu. Tunamkumbuka binti wa fundi cherehani, ambaye wenzake walimwita Kimya. Alama zake zilikuwa za juu kuliko za wote, lakini ushuru wake aliulipa kwa kunong’ona. Kwenye mahojiano aliulizwa jambo lenye neno asilolijua. Akaona akikiri amekwisha, akatunga jibu, kisha akatunga lingine la kuliegemeza lile la kwanza. Hakuchukuliwa. Chuo huruhusu kujaribu mara mbili tu, kwa hiyo akabakiwa na nafasi moja. Nyumbani, mjomba wake, aliyeibeba familia tangu baba afariki, alikuwa tayari amemtafutia kazi kwenye duka la vitambaa alikofanya kazi yeye mwenyewe.

Mama Maswali alimfuata mjomba huko huko nyumbani. Wakamkalisha kati ya cherehani na rundo la sare za shule. Mjomba hakuzunguka: “Mwalimu, huyu akiulizwa jina lake anatafuta pa kujificha. Mgonjwa atamuuliza nini?” Wote wakacheka, hata mama mtu. Mgeni naye akacheka, akamwambia: “Kaka, niachie mwaka mmoja. Akishindwa, nitakuja mwenyewe kuwabebea mabunda hapo dukani.” Mjomba akamwonya: “Dada, mabunda yetu ni mazito, yatakuvunja mgongo.” Naye akamjibu: “Ndiyo maana nataka awe daktari kwanza.” Akapewa mwaka.

Mwaka huo ndipo alipobuni kitu ambacho hadi leo kinawatoa jasho wanafunzi wetu. Alitukusanya sisi walimu wenzake, akatuvisha tai na kutukalisha nyuma ya meza ndefu kama jopo la chuo, akatupa amri ya kununa. Katikati ya maswali ya kweli tuliuliza juu ya kitu kisichokuwepo duniani: tezi ya goti. Kijana mmoja aliieleza tezi hiyo kwa ufasaha, kazi zake na magonjwa yake, akaongeza na lishe ya kuikinga. Kimya naye, mara ya kwanza, alituambia inalainisha mwendo. Hakuna aliyemcheka. Mama Maswali alimweleza taratibu kwamba daktari anayeona haya kusema “sijui” humtibu mgonjwa kwa kubahatisha, na mgonjwa ndiye anayelipia. Kisha akamtuma kila siku kwenda kumuuliza mtu mpya jambo asilolijua: mtunza maktaba, mlinzi, fundi wa maabara. Wiki za kwanza alirudi na macho mekundu. Baadaye tukawa tunamsikia koridoni kabla hatujamwona.

Siku ya mahojiano ya pili, neno gumu lilikuja tena. Binti akamtazama aliyeuliza na kusema: “Samahani daktari, hilo silijui. Naomba unieleze maana yake, kisha nijaribu kujibu.” Akaelezwa, akajibu, akachukuliwa. Mjomba alifika ofisini kwetu asubuhi iliyofuata kuuliza binti afungashe nini, atalala wapi, atakula nini na likizo ni lini, mpaka Mama Maswali akamwambia amelipa ushuru wa ukoo mzima. Leo binti huyo ni daktari wa watoto.

Zaidi ya vijana mia nne wamepita mikononi mwa mwenzetu wakaingia udaktari. Wengine ni wauguzi na wafamasia, na aliwasifia kwa sauti ile ile. Lakini kilichomuuma hadi mwisho ni wale ambao hata yeye hakuweza kuwasaidia: wenye akili zao, walioacha kemia wakiwa na miaka kumi na mitano kwa sababu rafiki alisema ni ngumu, na hakuna mtu mzima aliyewaambia kwamba bila kemia udaktari hauombwi. Kwa ajili yao alitumia likizo zake kuzunguka shule za sekondari.

Mama Maswali, asante kwa subira yako, na kwa kutufundisha hata sisi wenzako kusema “sijui” bila kushusha sauti. Tunakuombea afya, usingizi usio na kengele, na wajukuu wenye majibu. Uende salama, na raha ikukute huko uendako.

Na wewe unayesoma, fanya jambo moja leo: mtafute mtoto mmoja wa sekondari mtaani kwenu, umuulize kama bado anasoma kemia.