Alpheus Lumsden Aliyekataa Kurudi Chini

Ndugu waombolezaji, marehemu Alpheus Lumsden alizaliwa tarehe 9 Machi 1924 huko Port Antonio, Jamaika, akiwa kitinda mimba wa Mzee Josiah na Mama Keturah, akasoma shule ya kanisa mpaka darasa la sita, kisha akajifunza kazi ya kuezeka mapaa.

Mwezi Juni 1948 alishuka melini kwenye bandari ya Tilbury, Uingereza, na kwa kuwa hakuwa na ndugu London, alipelekwa na wenzake kwenye handaki la vita chini ya stesheni ya Clapham South, wakapewa vitanda vya ghorofa, treni zikinguruma juu ya vichwa vyao. Siku ya kwenda kuomba kazi, marehemu aliamka, akavaa suti, akafunga tai, akakaa kitandani angoje kupambazuke, akangoja wee, mpaka Bwana Cuthbert Rennals, rafiki yake wa melini tuliye naye hapa, akateremka kutoka barabarani juu na kumcheka: "We Alph, unangoja jua humu shimoni? Wenzio wameshakula cha mchana!" Kazi ikachukuliwa na mwingine. Tangu hapo marehemu hakupanda treni ya chini wala hakulala pazia likiwa limefungwa, na ukimuuliza sababu alikuwa mkali.

Tarehe 18 Aprili 1953 alifunga ndoa na Bi Icilda Facey katika kanisa la Kibaptisti, Brixton, wakajaliwa watoto wawili, Merle na Carlton.

Alianza kuugua kifua mwaka 1987, na tarehe 14 Februari 1989, siku moja kabla ya kufariki, alimshika mkewe mkono hospitalini akasema, "Icy, usinirudishe chini," kisha akacheka, au alikohoa, hatujui.

Hapo ndipo tulipochanganyikiwa: je, alikuwa anakataa kuzikwa? Kwenye matanga, samaki wa kukaanga wakipoa mezani, Bwana Rennals alifoka, "Shemeji, Alph alikuwa anatania! Mtu mzima achomwe kama takataka?" Merle akamjibu, "Baba mdogo, wewe hukuwepo," na Mama Icilda akawanyamazisha wote: "Mwenye mume ni mimi, na mimi mwenyewe sijui."

Jana asubuhi Mama alikata shauri huku akilia, kwamba mwili uchomwe. Jambo hili ni zito kwetu, maana sisi watu wa Jamaika wafu wetu huwafukia wenyewe, kwa zamu, tukiimba, lakini leo makoleo hayapo, jamani, msiyatafute. Mama anatuuliza siku ya ufufuo mumewe atatokea wapi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, mafundi wenzake wa mapaa, na Bwana Rennals, aliyefika ingawa bado amenuna.

Pumzika kwa amani, Alpheus, na kama kweli ulikuwa unatania, tusamehe.