Mwamuzi Aliyesimama Kiabakari: Stanislausi Wanzagi, 1961–2025

Baba Paroko, ndugu waombolezaji, majirani wa Butiama, na wageni mliotoka Musoma na Bunda. Mimi ni Dennis, mdogo wake marehemu. Kusema mbele ya watu sijazoea, kwa hiyo nimeandika yote na nitasoma yalivyo. Mwenye karatasi ya ratiba anaweza kunifuatisha. Hakuna neno nitakaloruka.

Stanislausi Wanzagi alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 hapa hapa Butiama, katika nyumba iliyokuwa pale lilipo zizi sasa. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Wanzagi na marehemu Mama Bibiana. Mama alitusimulia kwamba akiwa mdogo aliwekwa kulinda vifaranga. Mwewe akija, badala ya kumfukuza, Stani alikaa chini kumtazama anavyozunguka juu bila kupiga mabawa. Vifaranga viliisha. Alichapwa, na kesho yake akamtazama tena.

Alisoma shule ya msingi hapa Butiama na kumaliza darasa la saba mwaka 1976. Hakuendelea, kama wengi wetu hatukuendelea. Ndege zake za kwanza alizitengeneza wakati huo kwa mabua ya mtama na karatasi za mifuko ya saruji. Wenzake walitengeneza magari, kwa sababu gari unalivuta na linakufuata. Yeye alitaka kitu ambacho ukikiachia, kinakwenda chenyewe.

Mwaka 1979 alikwenda Musoma kujifunza useremala kwa Mzee Luqmani, fundi wa milango na vitanda pale Kitaji. Ndege zikija kutua uwanjani mjini, marehemu alikuwa anaweka randa chini na kutoka nje. Mzee Luqmani alimwambia, "Stani, huyo rubani hakujui. Mwenye kitanda anakujua." Alirudi kwenye kitanda. Lakini alikuwa ameshaona bawa linavyokaa. Mwaka 1986 alirudi Butiama na kufungua karakana yake. Milango mingi mnayoifunga usiku katika kata hii ni ya mkono wake. Sijasikia hata mmoja uliopinda.

Alifunga ndoa na Euphrasia tarehe 22 Oktoba 1988. Walijuana kwa ajali. Marehemu alirusha ndege karibu na nyumbani kwao Euphrasia, upepo ukaichukua, ikaenda kutua kwenye ungo wa mihogo aliyokuwa anaanika. Stani alipofika kuiomba, Euphrasia alikuwa ameikalia.

"Nani kakutuma?" Euphrasia aliuliza.

"Hakuna aliyenituma. Ndege yangu imepotea njia."

"Basi urudi na mtu mzima wa kwenu, aje aniambie kama ndege zenu huwa zinapoteaga hivi."

Alirudi na mjomba. Ndege alirudishiwa ikiwa na bawa moja. Mungu aliwajalia watoto watatu: Happyness, Keraryo na Bibiana.

Viwanda vya minofu vilipoanza Musoma, marehemu aliona maboksi meupe mepesi ya kubebea sangara yakitupwa. Aliyakata kwa waya uliopashwa moto, akapata mabawa ambayo hata mkono hauhisi uzito wake. Kwa nguvu ya kusukuma alitumia mpira wa tyubu ya baiskeli uliosokotwa. Watu walikuja kuangalia, wengine wakaanza kutengeneza zao, na mwaka 2006 kikaanzishwa Chama cha Ndege za Mfano, chenye matawi Musoma, Bunda na Butiama. Kila mwaka chama kilifanya mashindano Kiabakari, kwa sababu ndiyo katikati yetu. Ndege iliyokaa hewani muda mrefu kuliko zote ndiyo iliyochukua kikombe.

Naomba wageni wasiojua mchezo huu wanielewe hapa. Mwamuzi alisimama mahali pamoja palipowekwa kigingi, akiwa na kizibao cha njano na saa ya kubonyeza. Alibonyeza ndege ikiachiwa, akabonyeza tena ikigusa chini. Ikienda mbali asiione, alitakiwa kusema kwa sauti, "Nimeipoteza," na kusimamisha saa, hata kama mtu mwingine bado anaiona. Hiyo ndiyo sheria. Tuliiandika wote, na wote tulinyoosha mikono.

Mwamuzi hakulipwa chochote, na mwamuzi hakuruhusiwa kushindana. Ndiyo maana waamuzi hawakupatikana. Kila mtu alitaka kurusha. Mwaka wa kwanza tulikaa uwanjani tunatazamana mpaka Stani akasema, "Leteni hicho kizibao." Alidhani ni kwa mwaka ule tu. Alikivaa mpaka mwaka 2018. Ndege yake bora, ile nyeupe yenye mkia mwekundu, aliining'iniza sebuleni, na miaka yote hiyo hakuirusha kwenye mashindano. Yeye ndiye aliyekuwa anajua kurusha kuliko sisi sote, na sisi tulimpa kazi ya kututazama.

Sasa nasema habari za Kiabakari, tarehe 18 Agosti 2018. Walibaki wawili wa mwisho: Ndugu Silasi Masatu wa Kamunyonge, tawi la Musoma, na Happyness, binti wa marehemu. Silasi alirusha kwanza. Ndege yake ilipanda vizuri, sitaki kumnyima, ikachukuliwa na upepo kuelekea kwenye majabali upande wa mashariki, ikapita nyuma ya mawe hayo. Marehemu alisema, "Nimeipoteza," akabonyeza saa. Silasi alikuwa amesimama mbali na kigingi, upande ambao majabali hayamzuii.

"Mzee Stani, mbona umezima saa? Ndege si ile pale!"

"Nimeipoteza, Silasi."

"Umeipoteza wewe, au umeipotezesha? Jicho lako linaonaga za Butiama tu. Za Musoma zikipaa, unapata mtoto wa jicho!"

Watu walicheka. Nawakumbuka waliocheka, na baadhi yao leo wamekaa kwenye viti tulivyokodi sisi.

Ilipofika zamu ya Happyness, marehemu alivua kizibao, akamkabidhi saa Nassibu, fundi cherehani wa Bunda, akaenda kukaa barabarani akiupa uwanja mgongo. Alifanya hivyo kila mwaka ambao mtoto wake alirusha. Upepo ulikuwa umetulia. Ndege ya Happyness ilizunguka juu ya vichwa vyetu, kila mtu akaiona mpaka inagusa majani. Nassibu alisoma saa. Happyness alikuwa ameshinda.

Silasi hakutazama saa. Alisema baba kampunja mgeni ili mwana apate kikombe, na kumpa Nassibu saa ni maigizo. Nassibu akamwambia, "We Silasi, acha kelele. Njoo usimame hapa kwenye kigingi, halafu uniambie kama ungeiona."

Silasi alijibu, na haya ni maneno yake, "Nisimame huko nifanye nini? Mimi si mwamuzi."

Jioni hiyo aliandika kwenye kundi la simu la chama kwamba Stanislausi Wanzagi ni mwizi wa muda. Wiki mbili baadaye wakubwa wa chama walikutana Kamunyonge, wakamwondoa. Hawakumwita. Hawakumpigia hata simu. Alitumwa dereva wa bodaboda kuja kuchukua saa na kizibao. Shemeji Euphrasia alitaka kukitupa kizibao kwenye shimo la choo, lakini marehemu alikuwa ameshakifua, na wakati bodaboda inanguruma nje, alikuwa anakipiga pasi.

"Na pasi juu?" Shemeji alimuuliza. "Wamekuita mwizi, wewe unawanyooshea?"

"Atakayekivaa hajanikosea."

Lakini hakuna aliyekivaa. Mwaka uliofuata walikosa mwamuzi. Silasi aliombwa, akakataa, akasema anarusha. Wakaamua kila mtu ajipimie. Nasikia siku hiyo ndege zilikaa hewani kuliko zilivyowahi kukaa tangu dunia iumbwe. Hata moja iliyoangukia banda la kuku ilipewa muda mrefu, kwa maelezo kwamba kuku walikuwa wanaisukuma. Walipigana kwa vijiti vya bendera, kikombe kikapondwa, na mashindano hayakufanyika tena mpaka leo. Marehemu aliposikia alisikitika. Mimi nilicheka mpaka nikaenda kujificha nyuma ya nyumba.

Marehemu alianza kuugua kisukari mwaka 2021. Alitibiwa hapa nyumbani na baadaye Musoma mjini. Mwaka 2023 alikatwa mguu wa kushoto chini ya goti. Aliendelea kutengeneza viti akiwa amekaa. Katika ugonjwa wote huo Nassibu alikuja kutoka Bunda kila alipopata nafasi, akamshonea suruali zenye mguu mmoja mfupi, akikataa kabisa azikunje. Kutoka kwenye chama hakuja mtu mwingine. Nimetafuta hata mmoja wa kumtaja kwa wema katika aya hii, sikumpata.

Jambo lililomuuma siyo kizibao. Kuna watu wazima hapa kijijini waliokuwa wakimletea ugomvi wa mipaka na wa mahari awaamue, kwa sababu walimwamini. Baada ya Kiabakari waliacha kuja. Hawakumwambia kwa nini. Alikaa karakanani akisikia wanapita kwenda kwa mtu mwingine. Mwamuzi wa ndege za mabua na maboksi aliitwa mwizi, na jina lile likamfuata mpaka mlangoni kwake.

Siku zake za mwisho hospitalini nilikaa naye. Nilimwambia kwamba akitutoka, Silasi hatakanyaga kwenye mazishi, nitasimama mwenyewe njia panda. Alicheka kidogo. Akasema, "Akija msimfukuze. Mpeni kazi." Sikumuuliza kazi gani. Nimeichagua mimi.

Stanislausi Wanzagi alifariki dunia tarehe 9 Agosti 2025, saa kumi na moja alfajiri, mkewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sitini na minne.

Siku ya pili kundi la simu la chama lilijaa rambirambi. Silasi, ambaye sasa ni mwenyekiti, aliandika kwamba tumepoteza nguzo ya haki. Leo amekuja na shada la maua lenye utepe ulioandikwa "Mwamuzi Wetu wa Haki", na ameomba nafasi ya kutoa salamu. Ndugu Silasi, karibu. Nakuona, umekaa mstari wa pili. Shada lako nimelipokea kwa mikono miwili, lipo pale pembeni ya tanki la maji. Halijafika kwenye jeneza, na kaburini halitafika kabla ya kazi.

Mwenye ratiba atazame chini, baada ya mashada ya familia. Pale ambapo pangeandikwa salamu za chama, pameandikwa "Kurusha Ndege ya Marehemu". Mtakaporudi kutoka kaburini, Happyness ataleta ile ndege nyeupe ya sebuleni. Nassibu ameikagua na kubadilisha mpira. Ataiachia pale uani. Upepo wa mchana mnaufahamu wenyewe: unatoka ziwani, unapeleka kule, kwenye majabali ya nyuma ya shamba letu. Kigingi nimeshakipigilia. Kizibao cha njano nilikiomba kwa katibu wenu, kimefuliwa na kupigwa pasi na mjane. Mwamuzi wa kujitolea atakuwa Ndugu Silasi Masatu.

Utasimama pale, Silasi, mahali pamoja, na sisi wote tutakaa pande zote tutakazo. Wengine tutakuwa upande ambao majabali hayatuzuii. Ndege ikipita nyuma ya jiwe, utafanya unavyojua. Ukiiacha saa iendelee kwa ndege usiyoiona, Butiama nzima itakuwa imekutazama ukifanya hivyo. Ukisema, "Nimeipoteza," sema kwa sauti, ifike mpaka Musoma, maana ni kwa neno hilo moja kaka yangu aliitwa mwizi. Ukishalisema, chukua shada lako kwenye tanki, ulipeleke kaburini mwenyewe. Usipotaka kusimama, barabara ya Musoma ni ile, na utepe uondoke nao.

Marehemu ameacha mjane, Euphrasia, watoto watatu, Happyness, Keraryo na Bibiana, wajukuu watano, mdogo wake ninayesoma hapa, na Nassibu wa Bunda, ambaye si wa damu yetu, lakini leo amekaa na familia na ataweka udongo pamoja na familia.

Stanislausi, kaka yangu, Bwana akupokee mahali ambapo hakuna anayejipimia mwenyewe. Wewe lala kwa amani, umeshakabidhi saa. Sisi tutapumzika ndege ikishatua.