Mama Tabita Nzunda, Aliyewasomea Waliofiwa

Mchungaji, wazee wa kanisa, ndugu, jirani zetu wa Iyula, na nyote mliotoka Tunduma na Mbangala kuja kulia pamoja nasi: mimi ni Danford Nzunda, mdogo wake marehemu. Nimepewa kazi ya kusoma wasifu huu kwa kuwa ukoo mzima unasema nina sauti. Leo sauti sina, lakini nitasoma, maana marehemu hakupenda mtu anayeishika karatasi kisha akasitasita.

Mama Tabita Nzunda alizaliwa tarehe 14 Machi 1929 hapa Iyula, wilaya ya Mbozi. Alikuwa mtoto wa pili wa Mzee Osea Nzunda na Mama Roda. Baba yetu alikuwa kati ya watu wa mwanzo kupanda kahawa katika kitongoji chetu cha zamani, na maji ya kumwagilia ile miche aliyabeba Tabita kichwani. Mimi nilizaliwa miaka saba baada yake, nikalelewa mgongoni kwake. Jambo hilo hakunisamehe. Hata nilipokuwa karani wa chama cha ushirika, nimevaa suruali iliyopigwa pasi, aliwaambia wageni, "Huyu mnayemwona ndiye aliyenikojolea mgongoni tangu hapa mpaka kisimani."

Mwaka 1938 aliingia shule ya misheni, akamaliza darasa la nne mwaka 1942. Kwa msichana wa wakati ule lilikuwa jambo la kuzungumzwa. Bibi yetu hakujua Kiswahili, kwa hiyo jioni Tabita alishika kitabu, macho yakiwa kwenye mstari wa Kiswahili, na mdomoni kikatoka Kinyiha safi. Siku moja alimsomea habari ya gharika. Bibi akaanza kuwalilia watu waliobaki nje ya safina. Tabita akaendelea kusoma kwamba Nuhu aliufungua mlango tena akaingiza jamaa mbili. Mama yetu alikuwa pembeni anachambua maharage. Akauliza, "We mtoto, hao nao wametoka wapi?" Tabita akajibu, "Mama, bibi analia." Tulicheka miaka na miaka. Naomba muishike habari hiyo, kwa kuwa maisha ya dada yangu yaliirudia mara nyingine, na safari hiyo hakuna aliyecheka.

Tarehe 8 Septemba 1951 alifunga ndoa na Bwana Nathanaeli Msukwa, seremala, mtu mpole ambaye samani zake bado zimo ndani ya nyumba zenu. Mungu aliwajalia watoto wawili, Jenista mwaka 1953 na Tuntufye mwaka 1957. Februari 1966 Bwana Nathanaeli aliugua homa, na kabla wiki haijaisha tukawa tumemzika. Dada yangu alikaa kwenye mkeka, hali chakula. Watu walimwambia ajikaze. Ndipo mke wa mchungaji wa wakati ule akamletea kijitabu chenye jalada la bluu lililopauka. Kilikuwa kimeandikwa kwa ajili ya watu waliofiwa. Kilieleza habari za kilio, habari za hasira, habari za kitanda kilichobaki kitupu, na mwisho habari za tumaini. Alikisoma, alipokimaliza akakianza upya. Baadaye alituambia kwamba kitabu hakikumrudishia mume, ila kilimkalisha karibu na mtu aliyekuwa anajua.

Kuanzia mwaka 1967 alikuwa muuzaji wa vitabu vya kanisa. Wengi wenu mnamkumbuka na kikapu chake kichwani, leo Iyula, kesho Mbangala, keshokutwa gulioni Tunduma katikati ya wafanyabiashara wa kutoka Zambia. Lakini kuuza haikuwa kazi yake hasa. Kazi yake ilianza pale ambapo waombolezaji wameondoka na masufuria ya kuazima yamerudishwa kwa wenyewe. Hapo ndipo alipobisha hodi. Alikaa mkekani na mfiwa, akafungua kile kijitabu cha bluu, akakisoma kwa Kinyiha au Kinamwanga, kutegemea nyumba. Hakuhubiri. Mfiwa akilia, alisubiri. Mfiwa akilala usingizi, aliweka kidole kwenye mstari mpaka aamke.

Mwaka 1972 alipewa pia darasa la elimu ya watu wazima. Lilikutana kwenye ghala la kahawa, na wanafunzi wake walikuwa akina mama wenye wajukuu. Alikuwa mkali. Mtu akiruka neno, alimrudisha mwanzo wa mstari. "Neno halirukwi," alisema. "Aliyeandika hakuwa mjinga."

Sasa nafika mahali pagumu. Mwaka 1974 tulihamishwa kutoka vitongoji vyetu vya hapa Iyula, tukaletwa kijiji hiki cha ujamaa. Tarehe 19 Novemba lori lilikuwa linabeba vyombo vyetu. Dereva wake alikuwa kijana mmoja wa Tunduma, mwenyeji wa Kondoa, aitwaye Bashiri. Mvua ilikuwa imenyesha. Wazee walimwambia asubiri tope likauke kwenye mteremko wa kuingilia kijijini. Yeye alitaka kuwahi safari nyingine kabla ya jioni, akasema, "Nitapita, wazee, msiwe na shaka." Lori liliteleza na kupinduka. Tuntufye alikuwa juu ya mzigo, amelikumbatia benchi la useremala la marehemu baba yake lisidondoke. Alifariki palepale, akiwa na miaka kumi na saba.

Bashiri aliingiwa na hofu. Siku hiyohiyo alivuka mpaka akaenda Nakonde, na mazishini hakuja. Baadaye alirudi, akajipeleka mwenyewe polisi, na ikaonekana ni ajali. Dada yangu hakuwa na ugomvi na hilo. Aliniambia, "Danford, ajali naielewa. Mtu kuniulia mtoto kwa haraka zake, nitajitahidi kuelewa. Kutokuja kumzika, hapana." Wenyeji wa hapa wanajua uzito wa neno hilo.

Aliendelea kuwasomea waliofiwa. Ila kile kijitabu kilikuwa na sura ya saba, inayohusu kumsamehe mtu ambaye mpendwa wako amekufa kwa mkono wake. Tangu mwaka 1974, Tabita alipomaliza sura ya sita alilowesha kidole, akageuza kurasa nyingi kwa pamoja, akaendelea na sura ya nane, ya tumaini. Kwa kuwa alikuwa anasoma kwa kutafsiri, na waliomsikiliza hawakujua kusoma, hakuna aliyegundua. Bibi alipolia, aliongeza watu safinani. Alipolia yeye, alipunguza.

Bashiri naye hakukaa kimya. Alikuwa anabeba chumvi kutoka Ivuna, na kuanzia mwaka 1976, kila baada ya mavuno, alisimama mlangoni kwa dada akiwa na mfuko wa chumvi. "Shikamoo, mama." Dada aliutazama mlima kana kwamba mtu hajasema kitu. Mmesikia vizuri: shikamoo ya kijana yule haikujibiwa. Basi mfuko aliuacha kwangu, na mimi niliupeleka. Kutupa chumvi dada hakuweza, hakulelewa hivyo. Aliiweka darini, juu ya moshi. Tulipofika miaka hii ya shida, madukani hakuna chumvi, hakuna sabuni, hakuna sukari, jirani waliokuja kuomba aliwagawia bila kinyongo. Kwenye chungu chake mwenyewe haikuingia hata punje.

Jenista alichoka. Siku moja alimwambia, "Mama, tutakula maharage ya chukuchuku mpaka lini, na chumvi iko juu ya vichwa vyetu?"

Mama yake akajibu, "Chumvi ipo. Ya kula haipo."

Julai 1982, Ruti, ambaye yuko hapa mbele yetu, alifiwa na mumewe. Ameniruhusu niseme. Mumewe alipigwa katika ugomvi wa mpaka wa shamba, na aliyempiga ni ndugu yake wa tumbo moja. Ruti alikuwa amesoma kwenye lile ghala la kahawa na kufaulu. Dada yangu alikwenda kumsomea kama ilivyokuwa desturi yake, nami nilikuwepo, nimekaa mlangoni. Alipomaliza sura ya sita alilowesha kidole.

Ruti akaweka mkono juu ya kitabu. "Mwalimu, umeruka."

"Nimeruka nini?"

"Sura ya saba hii hapa. Si ulitwambia neno halirukwi?"

"Hiyo ngumu, mwanangu. Tutairudia siku nyingine."

Ruti alikuwa na uso umevimba kwa kulia. Alisema polepole, "Mwalimu, mume wangu ameuawa na shemeji yangu. Nyumba zetu zinatazamana. Kesho asubuhi nitamwona akitoka kwenda kunawa. Mimi hiyo ndiyo ninayoitaka."

Dada akarudisha kurasa. Akaanza kuisoma, na kwenye ukurasa wa pili sauti ikakatika kabisa. Ruti akakichukua kile kitabu mikononi mwake, akaendelea yeye, kwa kuunganisha silabi, kidole chini ya kila neno. Alikwenda taratibu mno, lakini hakuacha kitu. Mwalimu alisikiliza akiwa amejifunika uso kwa khanga. Tuliporudi nyumbani aliniambia, "Danford, nimewanyima watu dawa kwa sababu mimi sikutaka kuinywa."

Mwezi uliofuata Bashiri alikuja. Sisi tulikuwa jikoni. "Shikamoo, mama." Jenista akaacha kukoroga. Kijana akainama kuweka mfuko chini aondoke zake.

"Marahaba," dada alisema. "Ingia."

Aliteremsha chumvi kutoka darini, akaitia kwenye maharage yaliyokuwa motoni, akaonja, akaongeza. Akasonga ugali mwenyewe. Tulipokaa kula ndipo alipomuuliza, "Kwa nini hukuja?"

"Niliogopa, mama."

"Najua uliogopa. Lakini sisi tulikungoja."

Bashiri alilia, mtu mzima mwenye ndevu, tonge mkononi. Dada yangu alimwacha alie, kama alivyokuwa anawaacha wafiwa wake wote. Kisha akamwambia, "Kula, yanapoa." Baada ya chakula alimchukua akamwonyesha kaburi la Tuntufye, lile pale, ambalo hakuwahi kuliona.

Nisiwadanganye kwamba siku ile iliyamaliza yote. Baadaye pia zilikuwapo siku ambazo akisikia honi ya lori aliingia ndani na kufunga mlango. Ila kesho yake alifungua, na shikamoo ya Bashiri haikukosa tena jibu. Na kokote alikokwenda kusoma, sura ya saba aliisoma. Wengine walimkasirikia, mmoja alimfukuza. Alirudi wiki iliyofuata.

Mwishoni mwa mwaka 1983 alianza kusumbuliwa na tumbo. Alitibiwa hapa wilayani, kisha Mbeya, ambako ilionekana ni uvimbe uliokwisha kuenea. Wauguzi walimhudumia kwa upendo, nasi tunawashukuru. Yeye naye kwa zamu yake aliwasomea wagonjwa wa vitanda vya jirani hadi pumzi ilipokuwa haimtoshi. Alifariki siku ya Alhamisi, tarehe 18 Oktoba 1984, alfajiri, Jenista akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mitano.

Mnajua hali ya mafuta ilivyo mwaka huu. Aliyetafuta dizeli, akaja Mbeya, akamleta dada yetu nyumbani, ni Bashiri. Jana tulipofika kwenye mteremko ule mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha. Alizima lori, akashuka, akakaa kwenye jiwe. Akasema, "Tutasubiri likauke." Tulisubiri mpaka jua likasogea sana. Mlikuwa mnatungoja hapa na mlikuwa na wasiwasi, lakini kule hakuna hata mmoja aliyemhimiza. Na leo asubuhi, sisi tulipotoka na majembe, tulimkuta tayari anachimba kaburi, shimo limemfika kiunoni.

Marehemu ameacha mtoto mmoja, Jenista, mkwe, wajukuu watatu, mdogo wake Danford, na wanafunzi wengi wa ghala la kahawa. Alituagiza tumtaje pia Bashiri na mkewe Siti, nasi tumewataja. Siti ndiye anayesimamia vyungu pale nyuma. Aliagiza pia kwamba chakula cha msiba wake kiungwe kwa ile chumvi ya darini mpaka iishe. Kwa hiyo mtakapokula, msiulize ilikotoka.

Agizo la mwisho ni moja. Alisema kwenye kaburi lake asisifiwe sana, ila asomewe. Dada yangu, umelala jirani na mwanao, na Mungu wa faraja akupe pumziko ulilowatakia wengine. Ruti, sogea karibu. Hiki hapa kitabu chake. Soma sura ya saba, usiruke neno.